Uteuzi wa Matairi Mbadala ya Malori na Magari Makubwa katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita: Mzigo, Njia na Usalama

Ikisiri

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua matairi mbadala ya malori na ya magari makubwa yanayoendeshwa kwa magurudumu manne katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Katika eneo hili gari moja huweza kupita lami yenye joto, changarawe yenye mawe makali na udongo mweusi wa mbuga ndani ya siku moja. Hakuna tairi linalomudu hali hizo zote kwa kiwango kilekile. Hivyo, kuteua tairi ni kuamua udhaifu upi uvumiliwe na upi usivumiliwe. Hoja ya makala ni kwamba udhaifu wa tairi upangwe kwa uzito wa madhara yake: kwanza ule unaoua, pili ule unaogharimu, na tatu ule unaochelewesha safari. Kwa mpangilio huo, uwezo wa kubeba mzigo, umri na upepo wa tairi hutangulia. Ustahimilivu dhidi ya mawe hufuata. Na umbo la kashata linalonasa matope, ambalo mara nyingi ndilo linalovutia macho ya mnunuzi dukani, huja mwisho.

1.0 Utangulizi

Uchumi wa Shinyanga na Geita umejengwa juu ya vitu vizito. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, ambao uzalishaji wake ulifikia tamati mwaka 2021. Kando ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na maeneo mengine mengi, ambao mawe yao husafirishwa kwa viroba kutoka kwenye maduara hadi kwenye makarasha, na marudio yake kutoka kwenye mialo hadi kwenye mitambo ya kuchenjulia. Mawe hayo, pamoja na pamba, mpunga, mahindi, mbao, saruji na dizeli, husafiri juu ya matairi.

Migodi mikubwa ina vitengo vyake vya matairi, vyenye wataalamu na vipimo. Mmiliki wa Fuso moja au wa Land Cruiser moja hana kitengo. Uamuzi wake hufanyika kwa muda mfupi, mbele ya duka la Kahama, Katoro au Geita mjini, akiwa na fedha taslimu mkononi, gari likiwa limesimama na mzigo ukisubiri. Katika mazingira hayo, maswali yanayoulizwa kwa kawaida ni mawili: bei yake ni kiasi gani, na je, kashata zake ni nene? Yote mawili ni maswali halali, lakini hakuna hata moja linalogusa jambo linaloamua iwapo tairi litapasuka au la.

Ugumu mwingine unatokana na hali ya soko. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimamisha uzalishaji mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, soko la Tanzania limekuwa likitegemea matairi yaliyotengenezwa nje ya nchi. Chapa ni nyingi, na jina la chapa pekee halimwelezi mnunuzi tairi lilikusudiwa kazi gani. Kilicho cha kuaminika zaidi ni maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa tairi lenyewe. Makala haya yanalenga kumwezesha msomaji kuyasoma maandishi hayo na kuyalinganisha na mzigo na njia.

2.0 Njia za ukanda wa dhahabu na yanayolipata tairi

2.1 Lami

Barabara kuu zinazounganisha Mwanza, Shinyanga, Tinde, Nzega na Kahama, pamoja na ile ya Usagara, Geita, Katoro hadi Chato, ni za lami. Katika barabara hizi adui wa tairi ni joto. Lami nyeusi inayopigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi joto 50 za Selsiasi, na joto hilo huongezwa na lile linalozalishwa na tairi lenyewe linapojikunja na kujikunjua katika kila mzunguko. Gari linapokwenda kwa kasi, likiwa na mzigo mkubwa na upepo pungufu, joto hukusanyika kwenye bega la tairi mpaka gundi inayoshikamanisha mpira na waya inalegea. Vipande vya ngozi za matairi vinavyoonekana kandokando ya barabara kuu ni ushahidi wa mchakato huo.

2.2 Changarawe na mawe

Njia nyingi zinazoingia migodini ni za changarawe au za udongo, na sehemu nyingine zimejazwa mawe yaliyotolewa ardhini. Dhahabu ya eneo hili mara nyingi hupatikana ndani ya mishipa ya kwazi, jiwe gumu linalovunjika kwa ncha kali kama kioo. Jiwe la namna hiyo hukata kashata, huchana ubavu, na katika matairi pacha hukwama kati ya tairi na tairi. Hapa adui ni mkato. Kwa kuwa kasi huwa ndogo, mkato huo kwa kawaida humalizika kwa pancha na hasara, si kwa gari kupinduka. Lakini mkato ulioachwa bila kukaguliwa huingiza maji kwenye waya, waya hushika kutu, na tairi hilo hupasuka baadaye likiwa kwenye lami.

2.3 Mbuga

Wasukuma wana majina mahususi ya aina za udongo wa nchi yao: luseni ni udongo wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo ni udongo mgumu wa miteremko ya chini, na mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, aliuelezea mfuatano wa namna hii, kutoka kilimani hadi bondeni, kwa dhana ya katena, ambayo leo inafundishwa duniani kote. Kwa dereva, maana yake ni kwamba safari ya kilomita chache inaweza kupita aina zote tatu. Wakati wa kiangazi mbuga ni ngumu na yenye nyufa. Mvua zinaponyesha hugeuka kuwa tope zito linalojaza nafasi kati ya kashata na kulifanya tairi liwe laini kama kipara. Adui hapa ni utelezi. Matokeo yake ya kawaida ni gari kunasa, jambo linalopoteza saa au siku.

Ulinganisho wa mazingira haya matatu ndio unaozaa mpangilio wa makala. Joto la lami huua, mawe hugharimu, matope huchelewesha. Mnunuzi anayeanza na matope, kwa sababu ndiyo anayoyakumbuka kwa uchungu, ameupindua mpangilio huo.

3.0 Kinachobeba mzigo

Ni kawaida kusikia kwamba tairi fulani ni imara kwa sababu ni nene. Kwa hakika, kinachobeba mzigo ni hewa iliyofungiwa ndani. Mpira, nyuzi na waya ni chombo cha kuizuia hewa hiyo isitoke. Tairi lenye uwezo mkubwa ni lile linaloweza kuhimili presha kubwa zaidi kwa usalama. Kutokana na msingi huu, mambo mawili hufuata.

Kwanza, uwezo ulioandikwa ubavuni hupatikana tu iwapo tairi limejazwa presha inayoambatana na uwezo huo. Tairi gumu la gari la mzigo lililojazwa upepo mdogo halibebi zaidi ya tairi la kawaida. Mmiliki aliyelipia uwezo mkubwa kisha akaendelea kujaza presha ya zamani amelipia kitu asichokitumia.

Pili, aina ya mzigo ni muhimu kuliko ujazo wake. Mahindi yaliyomiminwa yana uzito wa takriban tani 0.7 kwa kila mita ya ujazo, ilhali mawe ya kwazi yaliyopondwa hufikia takriban tani 1.6. Bodi ya Fuso iliyojazwa mawe hadi kimo kilekile cha mahindi inakuwa imebeba zaidi ya mara mbili ya uzito. Njia kati ya duara na karasha mara nyingi haina mizani, na kipimo kinachotumika ni jicho. Jicho lililozoea mahindi hudanganyika kwa mawe, na wa kwanza kuulipa udanganyifu huo ni tairi.

4.0 Kusoma ubavu wa tairi

4.1 Ukubwa na muundo

Katika tairi la 265/70R16, namba 265 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Matairi ya zamani zaidi kimuundo huandikwa kwa inchi, kama 7.50R16, ukubwa uliozoeleka kwa Land Cruiser za kazi zinazoitwa mkonga. Herufi R huonyesha kwamba tairi ni lile ambalo mafundi huliita la waya. Panapokuwa na kistari badala ya R, kama 7.50-16, tairi ni la nyuzi. Tairi la nyuzi lina ubavu mgumu unaostahimili mikwaruzo ya mawe, lakini hupata joto zaidi kwenye lami. Tairi la waya hupoa vizuri na hudumu zaidi katika safari ndefu. Aina hizi mbili zisichanganywe katika ekseli moja, kwa kuwa huitikia usukani na breki kwa namna tofauti.

4.2 Namba ya uwezo wa mzigo na herufi ya kasi

Baada ya ukubwa huja namba na herufi, kwa mfano 112S au 156/150L. Namba huwakilisha kilo ambazo tairi moja linaruhusiwa kubeba. Namba ya pili, panapokuwa na mbili, ni kwa tairi linapofungwa pacha. Herufi huonyesha kasi ya juu: L ni kilomita 120 kwa saa, Q ni 160, S ni 180.

Jedwali 1: Baadhi ya namba za uwezo wa mzigo

| Namba | Kilo kwa tairi moja |
|---|---|
| 112 | 1,120 |
| 116 | 1,250 |
| 121 | 1,450 |
| 150 | 3,350 |
| 156 | 4,000 |

Kwa lori la Tanzania, ambalo kisheria kasi yake ya juu ni kilomita 80 kwa saa iwapo uzito wake unazidi kilo 3,500, herufi ya kasi si tatizo kubwa. Namba ya mzigo ndiyo yenye kauli. Ukubwa wa 265/70R16 unaweza kupatikana ukiwa na namba 112 kwa matumizi ya familia, au ukiwa na herufi LT na namba 121 kwa gari la mzigo. Matairi hayo mawili huingia kwenye ringi ileile na huonekana kufanana, lakini tofauti yake ni kilo 330 kwa kila tairi, yaani kilo 660 kwa ekseli. Muuzaji anayetaja ukubwa peke yake hajasema uongo. Ameacha tu nusu ya maelezo.

4.3 Plai

Madukani matairi ya lori huuzwa kwa kutaja plai: 14, 16, 18 au 20. Zamani namba hii ilihesabu matabaka halisi ya nyuzi. Leo ni kiwango cha nguvu tu, na tairi la waya la plai 18 halina matabaka 18. Plai inafaa kwa ulinganisho wa haraka kati ya matairi ya ukubwa mmoja. Hesabu ya mzigo ifanywe kwa namba ya uwezo.

4.4 Tarehe ya kutengenezwa

Mwishoni mwa mfuatano unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizi wakati mwingine huchapwa upande mmoja tu, hivyo tairi ligeuzwe na kukaguliwa pande zote mbili. Mpira huzeeka hata usipotumika, na huzeeka haraka zaidi ukiwekwa juani au chini ya bati lenye joto. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe barabarani litimizapo miaka kumi tangu kutengenezwa hata kama kashata zake bado ni ndefu. Gari la mgodini huyamaliza matairi ya magurudumu manne mapema. Tairi la akiba ndilo huzeeka bila kuonekana, kisha hufungwa siku ya dharura likiwa ndilo dhaifu kuliko yote.

5.0 Hesabu ya ekseli

Gari halibebwi kwa usawa na matairi yake yote. Kila ekseli ina sehemu yake. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele yenye matairi mawili, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na jumla isiyozidi tani 56 kwa gari zima. Viwango hivyo vikilinganishwa na tairi la 315/80R22.5 lenye namba 156/150, ambalo ni la kawaida kwa malori ya masafa marefu, picha ifuatayo hujitokeza.

Ekseli ya mbele: matairi mawili mara kilo 4,000 ni kilo 8,000. Hiki ni kiwango kilekile cha sheria, bila ziada hata ya kilo moja. Ekseli ya nyuma: matairi manne mara kilo 3,350 ni kilo 13,400, dhidi ya kilo 10,000 zinazoruhusiwa. Hapa ziada ni kilo 3,400.

Ziada hiyo ya nyuma, hata hivyo, ni ya matairi manne mazima. Tairi moja la pacha likipoteza upepo, mwenzake hubaki na mzigo wa upande wote, yaani kilo 5,000, ilhali uwezo wake likiwa peke yake ni kilo 4,000. Dereva anayesema kwamba pacha moja likiisha upepo lingine litamfikisha, anaendesha tairi lililozidiwa kwa robo ya uwezo wake, na joto lake hupanda kwa kila kilomita.

Funzo la hesabu hii ni la moja kwa moja. Matairi mapya na bora yafungwe mbele, kwa sababu mbele hakuna ziada, hakuna pacha wa kusaidia, na tairi linapopasuka usukani huvutwa upande mmoja mara moja. Desturi ya kuhamishia mbele matairi yaliyochakaa nyuma, kwa hoja kwamba nyuma ndiko kwenye mzigo, inapingana na hesabu. Tofauti ipo kwa magari madogo zaidi ya magurudumu manne, ambayo kwayo matairi mawili mapya hushauriwa kuwekwa nyuma ili gari lisiteleze mkia kwenye lami yenye maji. Lakini hata hapo yale ya mbele yasiwe chini ya kiwango salama.

6.0 Kashata kwa nafasi na kwa njia

Baada ya uwezo na umri kuthibitishwa, ndipo umbo la kashata lijadiliwe. Kwa lori, tairi la mbele lenye mistari mirefu ya kuzunguka huongoza vizuri na hupoa haraka. Tairi la difu huhitaji kashata zilizokatwa kwa upande ili zivute. Tairi la trela halivuti wala haliongozi. Linahitaji mistari na bega linalostahimili kuburuzwa kwenye kona. Kwa tipa linalozunguka ndani ya eneo la mgodi, kashata nene zenye mpira mgumu dhidi ya mikato zinafaa pande zote, mradi gari hilo lisitumwe safari ya kilomita mia mbili kwenye lami. Kashata nene hukunjamana zaidi, huzalisha joto zaidi na hulihifadhi kwa muda mrefu zaidi.

Magari makubwa ya magurudumu manne huuziwa matairi ya makundi matatu yanayotambuliwa kwa herufi. H/T ni ya lami na changarawe laini. A/T ni ya njia mchanganyiko. M/T ni ya matope. Mvuto wa M/T ni mkubwa, kwa kuwa hulipa gari sura ya kishujaa. Lakini kashata zake zilizoachana huacha mpira mdogo ukigusa lami, na wakati wa mvua gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kwa gari linalotoka Shinyanga mjini kwenda Geita mara kwa mara na kuingia maduarani kwa kilomita chache, A/T yenye herufi LT ndiyo chaguo la busara: ubavu wake ni mgumu kuliko wa tairi la familia, na bado hutulia kwenye lami. M/T ifikiriwe pale tu ambapo gari hukaa mbugani masika nzima. Hata hapo, mbuga iliyolowa sana hulishinda tairi lolote, na koleo, kamba na subira hubaki kuwa vifaa vya lazima.

7.0 Kubadili ukubwa, pacha na ringi

Wamiliki wengine hupandisha ukubwa ili kuinua gari. Hesabu inaonyesha faida ni ndogo. Tairi la 265/70R16 lina kipenyo cha takriban milimita 777, na la 265/75R16 takriban 804. Tofauti ya milimita 27 huinua gari kwa nusu yake tu, yaani chini ya sentimita moja na nusu, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli. Wakati huohuo kipima mwendo husoma pungufu: kinapoonyesha 80, gari liko karibu na 83. Uwezo wa kuvuta na wa breki hupungua kidogo, na tairi huweza kugusa bodi usukani unapokatwa. Ukubwa uliowekwa na mtengenezaji, unaosomeka kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, usibadilishwe bila sababu nzito.

Katika matairi pacha, vipenyo viwe sawa. Kwa matairi makubwa ya lori, tofauti isizidi takriban milimita 13. Likizidi hapo, tairi kubwa hubeba mzigo wa mwenzake na kuungua, huku dogo likisuguliwa na barabara bila kubeba sawasawa. Kwa magari yanayoendesha magurudumu yote manne muda wote, vipenyo visivyolingana huilazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika, na gharama ya difu hupita ya seti nzima ya matairi.

Ringi nazo zina hatari yake. Matairi mengi ya tyubu ya lori hufungwa kwenye ringi yenye pete. Pete isiyokaa sawasawa au yenye kutu huweza kuruka wakati wa kujaza upepo, kwa nguvu ya kumuua fundi aliyeinama mbele yake. Tairi la namna hiyo lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame pembeni akitumia mpira mrefu wa upepo. Mmiliki anapochagua mahali pa kufungia matairi, uwepo wa kizimba hicho ni kigezo chenye uzito kuliko punguzo la bei.

8.0 Mtumba, ngozi mpya na kuchonga

Tairi la mtumba si lazima liwe baya, lakini historia yake haijulikani. Ukaguzi wa chini kabisa ni tarehe, nyufa za ubavuni, uvimbe, viraka vya ndani, na alama ya mzunguko wa kijivu au mpira uliosagika ndani, inayoashiria kwamba tairi liliwahi kuendeshwa bila upepo. Tairi lenye alama hiyo lisinunuliwe. Waya za ubavuni mwake huenda zimekwisha kukatika, na likijazwa tena huweza kupasuka ghafla mbele ya fundi pancha.

Tairi la lori lililovishwa ngozi mpya kiwandani ni jambo tofauti. Mwili wake ukiwa mzima na kazi ikiwa imefanywa kwa viwango, linafaa kwa trela na kwa difu, na hupunguza gharama. Kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya tano, lisiwekwe mbele. Kuchonga kashata upya kwa kisu cha moto ni halali tu kwa tairi ambalo mtengenezaji ameliwekea unene wa ziada kwa kusudi hilo na kuliandika hivyo. Kumchongea mteja tairi kipara lisilo na unene huo ni kuupunguza mpira mwembamba uliobaki juu ya waya, na kulipa tairi sura ya afya lisiyokuwa nayo.

Katika nchi nyingi tairi la gari dogo huhesabiwa kuwa limekwisha kina cha kashata kinapofikia milimita 1.6, ambapo vinundu vilivyomo ndani ya mifereji hulingana na kashata. Kwa njia za mawe, kusubiri kikomo hicho ni kuchelewa. Tairi lililokwisha bado lina kazi katika jamii: hutengenezwa katambuga, kamba za mpira na vyombo vya kunyweshea mifugo. Likatwe kabla ya kutolewa, ili lisirudi barabarani kwa mlango wa nyuma.

9.0 Upepo baada ya ununuzi

Uteuzi mzuri huharibiwa ndani ya wiki moja na upepo mbaya. Utingo wengi hugonga matairi kwa chuma na kusikiliza mlio. Mlio hutofautisha tairi lililokwisha kabisa na lililojaa. Hautofautishi paundi 116 na 90, na pengo hilo linatosha kuliunguza tairi. Katika utunzaji wa malori, tairi lililoendeshwa chini ya asilimia 80 ya presha yake huhesabiwa kuwa limeendeshwa bila upepo, na hupaswa kuvuliwa na kukaguliwa ndani. Kipimo cha presha ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vinavyotajwa katika makala haya, na ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote.

Presha ipimwe asubuhi, tairi likiwa la baridi. Tairi lenye paundi 116 kwenye nyuzi joto 30 hufikia takriban paundi 129 hewa yake ikipanda hadi nyuzi 60. Ongezeko hilo ni la kawaida na mtengenezaji alilizingatia. Dereva anayepunguza upepo wa tairi lenye moto ili kulipoza hupata kinyume chake: likipoa linabaki na upepo pungufu, na safari inayofuata linapata moto zaidi. Vivyo hivyo, upepo uliopunguzwa ili kutoka mbugani urudishwe kabla ya kugusa lami.

10.0 Gharama kwa kilomita

Bei ya dukani si gharama ya tairi. Kwa mfano wa hesabu tu, tairi la shilingi 400,000 linalodumu kilomita 40,000 hugharimu shilingi 10 kwa kilomita. La shilingi 600,000 linalodumu kilomita 75,000 hugharimu shilingi 8. Kwenye hesabu hiyo iongezwe siku ambayo gari limelala njiani, posho ya dereva na utingo, na mzigo uliochelewa. Mmiliki anayeandika kwenye daftari tarehe ya kufunga kila tairi, usomaji wa kilomita na sababu ya kuliondoa, baada ya seti mbili anakuwa na ushahidi wa njia yake mwenyewe, ambao hauwezi kutolewa na muuzaji yeyote.

11.0 Hitimisho

Uteuzi wa tairi katika ukanda wa dhahabu huanza kabla ya kufika dukani, kwa kujua uzito halisi wa mzigo kwa kila ekseli na urefu wa kila aina ya njia. Dukani, ukaguzi ufuate mpangilio huu: namba ya uwezo wa mzigo, tarehe, hali ya mwili wa tairi, ukubwa unaolingana na ringi na pacha wake, kisha kashata, na mwisho bei kwa kilomita. Tairi lililoshinda katika hatua za mwanzo likishindwa katika ile ya kashata, gari litanasa mbugani na kuvutwa. Tairi lililoshinda kwa kashata pekee likishindwa katika hatua za mwanzo, litashindwa kwenye lami, mchana, likiwa na mzigo, na pengine na watu waliopanda juu ya viroba. Nafasi ya kusahihisha kosa la kwanza ipo. Ya kusahihisha la pili kwa kawaida haipo.